Deni la Mruko Mmoja

Nestor Pidhirny alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano, na ungemwona Jumatatu asubuhi amelala chali chini ya mtambo, miguu tu imechungulia nje, ungesema hiyo ni miguu ya mtu yeyote. Minene, mifupi kidogo, buti zimejaa grisi. Lakini hapa kwenye mji wetu wa Kalynivka hakuna asiyejua kwamba miguu ile ilikuwa na habari zake. Kila mwezi wa tano, kwenye tamasha, ngoma ya Hopak inapofika mwisho na wachezaji wengine wamerudi nyuma wanahema, Nestor alitoka mbio hadi katikati ya jukwaa, akaruka, akaitandaza miguu huku na huku hewani mpaka vidole vya mikono vikagusa ncha za buti, na kwa kitambo kidogo akakaa huko juu kama mtu aliyekaribishwa kiti. Watu walipiga kelele. Akina mama waliomjua tangu anavaa nepi walilia machozi. Jumatatu akarudi chini ya mtambo.

Mwaka jana kiti hicho hakukipata. Aliruka kama siku zote, lakini mdundo ulishapita yeye bado yuko njiani, na mikono ikapapasa hewa karibu na magoti. Watu walimpigia makofi, ndiyo, ila yalikuwa makofi ya huruma, na hakuna kinachomkera mchezaji kama makofi ya huruma. Afadhali umzomee. Alikuwa amefikisha miaka thelathini na minne, na magoti yake yalianza kumsalimia asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wala si jukwaa tu lililomtia hofu. Kwetu mchezaji hapimwi jukwaani, maana jukwaani kuna taa na mavazi na kila mtu amepangiwa la kufanya. Anapimwa harusini, bendi inapopiga kolomeika, ule wimbo wa mbio, watu wote wakafanya duara kubwa na duara likaanza kuita majina. Ukiitwa unaingia katikati, unaruka mpaka pumzi ikuishie, ndipo unatoka. Mcheza kwao hutunzwa. Ila hakuna anayeambiwa kwamba zamu yake imekwisha. Inafika harusi moja, duara linawaita wengine, linakupita wewe. Ndivyo yalivyomkuta mjomba wake Metro, aliyewahi kuruka meza yenye keki ya harusi bila kuigusa. Siku hiyo hakuitwa. Alisimama na sahani yake mkononi wimbo mzima, akingoja, kisha akaenda kukaa na wazee wa karata, na huko ndiko aliko hadi leo. Nestor aliiona sahani ile kwa macho yake akiwa kijana, na aliiogopa kuliko kaburi.

Kwa hiyo mwezi wa pili, baridi ya kukata masikio, alikwenda ukumbi wa kanisa kumwona Halia Kostiuk. Halia ndiye aliyeongoza kikundi cha ngoma. Alikuwa mwalimu wa michezo wa sekondari, mwenye sauti kama filimbi, na akishika jambo lake haliachi.

"Ule mruko wa mwisho ni wangu," Nestor alimwambia hata kabla hajavua kofia.

"Mwaka huu bado hauna mwenyewe," Halia akamjibu. "Wewe na Denys mtakuja kwangu kila Ijumaa kufanya mazoezi ya kuruka. Baada ya Pasaka nitachagua."

Denys Lototsky aliuza mbegu na mbolea katika duka la ushirika. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, ulimi haumkai kinywani. Nestor alimfundisha mwenyewe hatua za kwanza za Hopak, na sasa jambo hilo lilimuuma kama jino bovu.

Ijumaa za Kwaresima wanawake wa kanisa hutengeneza pirohi, maandazi ya kujazwa viazi, za kuuza, kwa hiyo mazoezi yalifanyika katikati ya harufu ya vitunguu vya kukaanga, na dirisha la jikoni likiwa wazi. Halia aliweka maboksi mawili ya mbao, mafupi, ya kufika chini ya goti.

"Panda. Sasa dondoka, usiruke. Ukigusa sakafu tu, ondoka uende juu. Sakafu ni kikaango cha moto. Nani anakaa kwenye kikaango?"

"Pirohi za shangazi Olha," akasema Denys.

"Nimekusikia wewe!" sauti ikatoka jikoni. Shangazi Olha, dada wa marehemu baba yake Nestor na jirani yake, hakuna lililompita.

Nestor alidondoka, akatua, akachuchumaa kama anayetafuta kigoda, akajikusanya, ndipo akaruka. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo walivyofundishwa waliomfundisha.

"Hapana," Halia akasema. "Wewe unatua, unabisha hodi, unauliza hali ya watoto, ndipo unaondoka. Wimbo hautakungoja. Tena magoti yako yanaingia ndani, yanabusiana. Goti lifuate vidole vya mguu. Rudia."

Akarudia mara chache tu. Alipoanza kupata moto, Halia akamwonyesha kiti.

"Kaa."

"Nikae? Hata jasho sijatoa!"

"Sikukuomba jasho. Nimekuomba mruko. Kaa mpaka nikwambie."

Hapo ndipo Nestor alipoanza kuchemka. Maisha yake yote mazoezi yaliisha pale shati lilipokamulika. Mzee aliyewafunza utotoni alikuwa akilikamua shati la kila mmoja kwa mkono wake, na lisipotoa maji unarudi mstarini. Sasa mwanamke huyu anamkalisha kitini kama mgeni wa posa: Nestor anaruka kidogo, anapumzika sana, anaruka kidogo, kisha anaambiwa aende nyumbani akalale. Aliendesha gari kurudi kwake akiongea peke yake. Kama huu ndio mchezo, alisema, basi hata ng'ombe aliyelala zizini ni mchezaji.

Mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Alifanya ambalo mwanamume yeyote wa hapa angelifanya. Gerejini kwake akapanga matairi ya trekta, akawa anapanda na kudondoka kila jioni juu ya sakafu ya saruji, hadi shati likamulike. Bandu bandu huisha gogo, alijiambia. Halia hakuambiwa.

Wiki zikapita, na Ijumaa baada ya Ijumaa Nestor alizidi kushuka. Miguu ilikuwa mizito kana kwamba ameivaa mifuko ya ngano. Denys, aliyefanya alichoambiwa na kukaa alipoambiwa akae huku akitafuna mbegu za alizeti, alikuwa akipaa. Halia alimtazama Nestor, akabadilisha boksi, akampunguzia, akamwongezea mapumziko, akafikicha macho.

"Sielewi," alisema. "Sielewi kabisa. Unalala vizuri?"

"Kazi yako ndiyo hainifai," Nestor akafoka. "Niliyaona haya tangu siku ya kwanza. Ruka-kaa, ruka-kaa, kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

Shangazi Olha akatoa kichwa dirishani, mikono imejaa unga hadi viwikoni. "Afadhali umesema kuhusu kuruka, mwanangu, maana nilitaka nikuulize. Unavunja nini mle gerejini kila jioni? Vikombe vyangu vinatembea kabatini."

Denys akaacha kutafuna.

"Gerejini," Halia akasema taratibu. "Kwenye saruji?"

"Nilikuwa nakusaidia kazi."

"Unanisaidia! Wiki zote hizi nakesha najiuliza nimekosea wapi! Sikiliza wewe. Mguu haupati nguvu ukiwa unaruka. Unaipata baadaye, ukiupumzisha. Ijumaa nakupa dawa, Jumamosi unaimwaga, Jumapili unakuja kulalamika hujapona! Hizo kano za visigino unazichana uzi mmoja mmoja, na siku zitakapokatika sitaki kuitwa."

"Mimi ni mtu mzima, Halia. Siwezi kusifiwa kwa kukaa."

"Basi nenda kasimame nje."

Akaenda kweli, akaubamiza mlango hata theluji ikamwagika kutoka kwenye paa. Sikio la kufa halisikii dawa. Ijumaa iliyofuata hakutokea, wala iliyofuata hiyo. Alikaa gerejini akiyatazama matairi, na alipojaribu kuyapanda, goti la kushoto likakataa katakata. Alilipiga ngumi goti lake mwenyewe, akaumia mara mbili.

Aliyemfuata ni Denys. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Rudi, mzee."

"Nani amekwambia mimi mzee? Wewe si umefurahi?"

"Nifurahie nini? Nikishinda peke yangu nitasema nimemshinda nani, boksi?" Akapiga teke tairi. "Rudi bwana. Halia hana wa kugombana naye, sasa ananigombeza mimi."

Nestor akarudi. Hakuomba radhi, na Halia hakuidai. Alimwonyesha kiti tu, akakaa. Kwa wiki nzima ya kwanza hakumruhusu kuruka hata kidogo. Jioni zikawa ndefu mno. Alikunja nguo zake, akazikunjua, akazikunja tena. Alichemsha chai asiyoitaka. Hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama ile ya kutofanya kitu, na alimchukia Halia kwa moyo wake wote, akafanya kila alichosema.

Halia alikuwa na kawaida ya kufumba macho ili asikilize miguu. "Nasikia mbili," alikuwa akisema. "Kulia, halafu kushoto. Nataka kusikia moja." Na kuhusu kutandaza miguu hewani alimkemea vilevile. "Unainama kuifuata miguu. Usiifuate. Kifua kibaki juu, miguu ndiyo ije kwako. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Ijumaa ya kwanza baada ya Pasaka, barafu imeanza kuachia mitaro, Nestor alidondoka kutoka kwenye boksi na sakafu ikamrusha. Hakukumbuka kujikusanya. Alijikuta tu yuko juu, kifua kimesimama, buti zimekuja zenyewe mikononi, na palepale hewani kiti chake cha zamani kikimngoja. Alipotua, ulisikika mshindo mmoja. Shangazi Olha alikuwa dirishani, na pini ya kusukumia ikamponyoka mkononi.

"Ni wako," Halia akasema, bado amefumba macho. Kisha akayafumbua. "Lakini hizo kano bado zinalipia ujinga wa gereji. Kuanzia leo, kuruka ni hapa mbele yangu tu, mpaka siku ya jukwaa. Kwingine popote, marufuku."

"Hata harusi ya Oksana?"

"Hasa harusi ya Oksana. Na wewe Denys, vivyo hivyo."

"Mimi?" Denys akacheka, ila kicheko hakikufika machoni. "Mimi nipumzike nikangojee nini tena?"

Oksana alikuwa binti wa Mjomba Metro, na harusi yake ilikuwa Jumamosi moja kabla ya tamasha. Watu walijaa ukumbi wa mji kuanzia ukutani hadi ukutani. Sakafu ya saruji ilikuwa imeshamwagikiwa bia. Nestor alikula, akacheza polka na shangazi zake, akajiweka karibu na meza ya vyakula. Ndipo fidla ikapanda juu, ngoma ikaiandama, na duara likafunguka. Waliingia wawili watatu. Kisha sauti ya kwanza ikaita, "Nestor!" na ya pili, na mara ukumbi mzima unapiga makofi kwa mdundo, "Nes-tor! Nes-tor!"

Alisimama. Mkononi alikuwa na sahani yenye soseji na kabichi.

Kila msuli wa mwili wake ulitaka kwenda. Aliwatazama, akatikisa kichwa, akacheka kicheko cha kipumbavu. Makofi yakaendelea kidogo, yakaanza kulegea. Mjomba Metro aliziacha karata zake akaja mbio, tai imepinda.

"Ingia, mpwa wangu! Harusi ya binti yangu!"

"Siwezi, mjomba. Halia amenikataza."

"Halia! Mimi nilikatazwa na daktari, nikaruka!" Mzee akamtazama usoni, akaitazama sahani, na akaona kitu alichokifahamu. Akashusha sauti. "Usinifanyie hivi, mwanangu. Usijifanyie hivi."

Duara lilikuwa tupu katikati, na muziki unapotea bure. Hakuna aibu kubwa hapa kwetu kushinda duara tupu katika harusi ya mtu. Denys akavua koti, akampita Nestor, akamgonga bega.

"Huu nakurukia wewe, mzee. Utanilipa."

Akaruka. Mungu wangu, akaruka! Mara ya kwanza wanawake walipiga vigelegele, mara ya pili bwana harusi alirusha kofia. Mara ya tatu alitua, akaondoka, na ukasikika mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjwa gotini. Denys alianguka kwa mikono. Akageuza kichwa kutazama nyuma yake, amekasirika kweli.

"Nani amenipiga?" akauliza. "Nani amenipiga mguu?"

Hakukuwa na mtu nyuma yake. Halia alishafika, amepiga magoti ndani ya bia, ameshika kisigino kilichokatika kano, akilia na kumtukana kwa pamoja.

Jumamosi iliyofuata Nestor aliruka jukwaani. Nawaambia, kwa miaka yote niliyoiona Hopak, sijaona mruko mzuri kama ule. Alikaa hewani kama mwenye nyumba. Watu wakapiga makofi, tena mengi. Nyuma ya pazia Shangazi Olha akamkumbatia, akampapasa mashavu.

"Umeruka vizuri, mwanangu. Vizuri sana." Akashusha pumzi. "Maskini Denys."

Basi ikawa hivyo majira yote ya joto. Dukani, kanisani, kwenye foleni ya posta. Hakuna aliyemtukana, hilo lingekuwa nafuu. Walimpongeza, wakashusha pumzi, wakamtaja Denys. Watani walimbandika jina la Sahani. Alimkasirikia Denys, nani alimtuma? Alilikasirikia duara. Halia alipomwambia kwamba alifanya sawasawa, alijibu kwamba usawasawa wake umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Na akiwa chini ya mitambo, ambako hakuna wa kumwona, alijikasirikia mwenyewe kuliko wote, kwa sababu alikuwa amekipata alichokitaka. Mara mbili alikwenda hadi kwenye geti la akina Lototsky na soseji ndani ya karatasi, mara mbili akarudi nayo.

Ngano ikavunwa, harusi zikarudi. Hii ilikuwa ya watu wa kando ya ziwa, ukumbi ni uleule, saruji ni ileile. Denys alikuja na fimbo. Daktari alishamwambia kwamba kutembea atatembea, ila kuruka asahau. Alipewa kiti mbele, mguu ameunyoosha.

Fidla ikapanda. Duara likafunguka. Likaita huyu, likaita yule, mlevi mmoja akaita "Denys!" kwa mazoea, akaumeza ulimi. Nestor alisimama karibu na meza ya vyakula, sahani mkononi, akingoja, huku amejikataza kungoja. Wimbo ukazunguka mara ya kwanza, ukazunguka mara ya pili. Majina yakamalizika. Kwenye kona ya wazee, Mjomba Metro alimwona. Alikisukuma kiti kitupu kwa mguu, kikatoka chini ya meza ya karata.

Nestor akapiga hatua moja kuelekea kule.

Fimbo ikagonga saruji. Ikagonga tena, kwa nguvu, mpaka mpiga fidla akapoteza noti.

"Nestor Pidhirny!" Ilikuwa sauti ya Denys, na haikuwa na utani. "Unakwenda wapi? Nilipe mruko wangu!"

Watu wote wakageuka. Nestor alitafuta pa kuiweka sahani, hakupaona, akampa mjomba wake.

"Nishikie, mjomba."

Duara likampisha. Upande wa pili alimwona Halia ameziba mdomo kwa mikono miwili. Halia alipoona anatazamwa, aliiondoa mikono, akamwonyesha kidole kimoja. Nestor akakimbia. Saruji ikawa kikaango, ikamrusha. Kifua kikabaki juu, buti zikaja, na kwa kitambo kile alikiona kiti cha Denys chini yake na uso wa Denys umeinuliwa, mdomo wazi, kama mtu anayekunywa. Kisha mshindo mmoja.

Akatoka palepale, pumzi bado anayo tele. Bendi iliendelea kumngoja, watu wakaendelea kupiga makofi wakidhani anajipanga kurudi. Alikwenda kusimama nyuma ya kiti cha Denys.

"Mmoja tu?" Shangazi Olha alipaza sauti. "Mtu mzima na miguu yote hiyo, mmoja tu?"

Denys alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mwacheni," alisema. "Ni mmoja tu niliokuwa namdai."